Doa la Nsabimana

Kitabu kilikuwa kimelowa pembeni, na mvua haikuwa imenyesha tangu juzi.

Zulaikha alikitoa ndani ya sanduku la bati, akafungua kitenge alichokuwa amekiviringishia, akagusa pembe ya chini ya ukurasa, pale mtu anapoweka kidole ili afunue. Kidole kilipoinuka kiliinuka na utepe mwembamba, ukavutika, ukakatika. Maji hayavutiki. Akanusa. Kilinuka kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi na hajasukutua, tena mtu aliyelala na samaki tumboni. Alijifuta kidole kwenye gauni, akajifuta tena ukutani, bado akahisi kinanata. Ptu! Asubuhi nzima hakuweza kushika mkate kwa mkono ule.

Akajiambia ni panya. Sisi watu tukikutana na jambo tusilolielewa hukimbilia panya. Maskini panya wa mji wetu wa Kamembe, wamesingiziwa mengi.

Zulaikha alikuwa fundi cherehani, mjane, akiishi na kushonea katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya msikiti. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Uwineza, binti wa darasa la pili aliyesoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi ya sabuni. Mumewe, Nsabimana, alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Bukavu na Uvira. Vita vya pili vya Kongo vilipolipuka, mwaka wa tisini na nane, watu wenye bunduki walimshusha garini wakamuua kando ya njia. Wapita njia ndio waliomfukia, na hakuna aliyejua kuonyesha mahali. Hakuoshwa, hakuswaliwa. Kilichovuka mto Rusizi kurudi nyumbani, kikipita mkono kwa mkono, ni kitabu alichokuwa amekificha ndani ya shati, kifuani.

Kitabu chenyewe kilikuwa bedé, hadithi ya michoro ya rangi, iliyochapwa Leopoldville kabla ya uhuru. Ndani yake mlikuwa na Kapita Sumuni, mnyapara mwenye tumbo kubwa anayepigwa na kila mtu, mpaka na mbuzi. Nsabimana alikipata Bukavu akiwa kijana, akakitunza kuliko viatu vyake. Kilikuwa cha toleo la kwanza, na nakala nyingine karibu zote ziliishia kufungia karanga. Lakini sasa kuanzia katikati ya ukurasa kwenda chini, tangu jalada mpaka mwisho, kilikuwa na doa la kahawia lililokauka likakakamaa. Hiyo ilikuwa damu ya Nsabimana. Zulaikha hakuwa na kaburi la kwenda kusimama, hakuwa na nguo wala pete. Alikuwa na doa hilo na binti yake.

Taabu ilianza siku wifi yake, Mukabalisa, alipopanda kutoka Bugarama akiwa ameongozana na Dominique. Huyu Dominique alikuwa fundi wa kutengeneza vitabu vya zamani, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu na kuisomea kazi hiyo kwa mapadri, kisha akarudi na kufungua chumba chake cha kazi mtaani Gihundwe. Alikifunua kitabu kwa ncha za kucha, akipumua kwa pua kama mtu aliyewekewa nyama choma.

"Maman Uwineza, hii kintu ni ya bei kali. Kuko mzungu moja Kigali anatafuta hii numero tangu zamani. Lakini vile iko, hawezi kuigusa. Mimi nitatoa hizi pini zenye kutu, nitaosha karatasi moja moja, nitaweka colle, gundi yangu, nitaipiga presse inyooke. Itatoka sawa mupya."

"Na ile doa?" Zulaikha akauliza.

"Doa njo ya kwanza kutoka. Angalia."

Akachomoa kipande cha pamba, akakiweka ulimini, akakizungusha kinywani kama pipi, halafu akakisugulia kwenye ukingo wa doa. Pamba ikageuka kahawia. Zulaikha hakushangaa, maana kila fundi cherehani anajua: ukijichoma sindano ukadondosha damu kwenye shela ya bibi harusi, temea mate upesi, itatoka. Ila alipoona mate ya mwanamume mgeni yakisugua kifua cha mumewe, alikivuta kitabu kwake.

"Acha! Acha hivyo, Papa Dominique. Nitafikiri kwanza."

"Unafikiri nini?" Mukabalisa akadakia. "Kaka yangu alisha kufa. Nyumba inavuja, mutoto anasoma na viatu ya kuombaomba. Kioshwe, kiuzwe, ujenge."

"Ukiosha ile, umemaliza kaka yako."

"Nitakuwa nimemaliza takataka! Muntu gani anaweka damu ndani ya sanduku?"

Waliondoka wamenuna. Zulaikha alibaki na kitabu magotini, jua likizama upande wa ziwa, na hapo ndipo alipofanya upumbavu ambao mpaka leo nikiusimulia natafuta mahali pa kutema. Alijiambia kwamba kama Nsabimana ni wa kuoshwa, basi aoshwe na mkewe, si na pamba ya mtu baki. Akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua palepale aliposugua Dominique. Halafu, kwa mazoea ya mtu anayelamba uzi kutwa nzima, akakirudisha kidole kinywani. Chumvi. Kutu. Akafumba macho, akameza, akalowesha tena, akasugua tena.

Sasa sikilizeni. Mwislamu hatii kitu kinywani bila Bismillahi, kwa kuwa chakula kisichotajiwa jina la Mungu kina mlaji wa pili. Na damu je? Damu ni najisi, nani ataitajia jina la Mola wake? Ukisema, umekosa, usiposema, umemkaribisha mwingine mezani. Dawa yake ni kutokula, basi, imekwisha. Zulaikha alikula kimya, na aliyekuwa akisubiri kukaribishwa aliketi.

Kuanzia hapo kitabu kikawa kinalowa. Kwanza pembe, kisha ukurasa mzima. Harufu ikatoka sandukuni ikahamia chumbani, ikaingia kwenye vitambaa vya watu, mpaka wateja wakawa wanapima nguo wakiwa wamegeuzia uso mlangoni. Zulaikha alifua, alichoma ubani, alimwaga maji ya limau. Nzi nao wakaanza kumfuata yeye, wakimtua mdomoni, kila akiwafukuza wanarudi palepale.

Alasiri moja mvua ilikuja ile ya Rusizi, ya kufunga mji. Umeme ukakatika, cherehani likawa kazi bure kwa giza lile, naye akajinyoosha juu ya meza ya kukatia nguo ili apumzishe mgongo. Juu ya bati maji yalikuwa yanapiga kelele, lakini chini ya kelele hiyo alisikia sauti nyingine, ndogo, ya karibu mno, chwap, chwap, kama mbuzi anayelamba chumvi. Alitaka kufumbua macho, kope zikakataa. Alitaka kusogeza mkono, mkono ukawa si wake. Kitu chenye unyevu na uvuguvugu kilimgusa midomo, kikapita taratibu, kikarudi.

Nanyi mnadhani alipiga kelele? Hakupiga. Moyo wake uliruka kwa furaha.

"Papa Uwineza," alinong'ona, "ni weye?"

Chwap ikanyamaza. Kisha ikaendelea.

Machozi yalimtoka. Miaka yote ile alilala peke yake, na sasa mwenye nyumba amerudi! Mwanamke mwenye akili zake timamu, fundi wa watu, alilala pale akitegeshea uso wake mate ya kitu asichokiona, na akatabasamu. Mapenzi yakichanganyika na msiba humfanya mtu akumbatie hata kinyaa. Kesho yake, mvua isinyeshe, inyeshe, ilipofika alasiri alifunga mlango mwenyewe akajilaza. Akamtumia Dominique habari: asihangaike, kitabu hakioshwi wala hakiuzwi, mwenyewe amerudi kukiangalia.

Dominique alisikia "mwenyewe" akadhani ni mnunuzi mwingine. Akaja mbio.

"Nani alikutengenezea?" alisema akiwa amekifungua mezani. "Maman, sema ukweli. Ulipeleka Bujumbura?"

"Hakijatoka hapa."

"Hapana. Hii ni kazi ya fundi mukubwa. Angalia propreté yake, iko safi kabisa!"

Zulaikha akaangalia. Kwa furaha yake ya alasiri alikuwa hajakifunua kitabu kwa muda. Jalada lilikuwa jekundu, jekundu la zamani lililong'aa. Shati juu ya tumbo la Kapita Sumuni lilikuwa jeupe. Kurasa zote zilikuwa safi mpaka chini, na lile doa lililokuwa limeenea kote lilikuwa limebaki kwenye ukurasa wa mwisho peke yake, ukubwa wa kiganja, kingo zake zikiwa zimeliwa pamoja na karatasi.

Zulaikha alishika meza. Mume hajili. Mume aliyerudi kwa mkewe hamalizi damu yake mwenyewe, tone kwa tone, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesafisha sahani.

Dominique alikuwa bado anasifia kazi, akainamisha pua karibu na karatasi, kama wafanyavyo watu wa fani yake. Akaruka nyuma, kiti kikaanguka.

"Hii si maji. Hii si dawa." Alijifuta vidole kwenye suruali, mara mbili, mara tatu. "Maman Uwineza, hii ni mate ya muntu."

Hakusubiri kuagwa. Kofia yake ilibaki mezani, na hakurudi kuichukua.

Uwineza alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, na sare yake ya shule, madaftari yamekumbatiwa kifuani. Alikuwa na uso wa mtoto aliyebeba siri mpaka imemchosha.

"Maman," akasema polepole, "mi nilijua."

"Ulijua nini, mama yangu?"

"Usinipige."

"Sikupigi. Sema."

"Ni weye." Mtoto alirudi nyuma hatua moja. "Nikitoka masomo, nakukuta chini, pale ku sanduku. Uko nalamba bedé ya Papa. Macho iko wazi lakini haunioni. Nakuita, haujibu. Halafu unalala ku meza." Akagusa goti lake. "Juzi ulikuja ku kitanda yangu. Ulilamba kidonda yangu ya goti. Ilikuwa na damu kidogo. Nilinyamaza juu ya kuogopa."

Zulaikha alikwenda kwenye kioo cha wateja, kile kirefu alichokiegemeza ukutani ili wanawake wajitazame magauni yao, akasimama mbele yake muda mrefu bila kuthubutu, kisha akafungua kinywa akatoa ulimi, na ulimi ukatoka, ukaendelea kutoka, mweusi katikati na mwekundu kwa wino pembeni, umeota utandu wenye manyoya ya karatasi, na katika mikunjo yake kulikuwa na rangi ya bluu ya kaptula ya Kapita Sumuni na chembe za kahawia zilizonasa kama makombo ya mkate, na alipotaka kuurudisha ndani ulisita kwanza, ukapinda pembeni kumwelekea mtoto, ukanusa hewa, ndipo ukarudi. Alitapika palepale, juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Alichotapika kilikuwa kijivu na kilinata, na Uwineza akakimbia kwenda nje akipiga mayowe.

Jirani alimwita Bibi Mukankusi. Huyu ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa msikitini, na ndiye aliyeitwa majini yanapompanda mtu. Alikuwa bibi mfupi, mkali, asiye na subira na machozi. Alifunga mlango, akamkalisha Zulaikha mkekani, akasikiliza yote mpaka mwisho, na habari ilipofika kwenye kidole kilichorudi kinywani alipiga paja.

"Ulitaja jina?"

"Hapana, Bibi."

"Na ulimeza."

"Nilimeza."

"Astaghfirullah! Wewe mutoto, ungekula hata ndala ungekuwa na nafuu."

Alikuwa amekuja na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji. Akamnywesha. Kitambo kidogo tumbo la Zulaikha lilianza kwenda juu na chini, shingo ikavimba, naye akatoa bonge baada ya bonge la karatasi iliyotafunwa, lenye ute, linalonuka kama beseni la buchani lililosahaulika juani. Katika bonge la mwisho ulikuwamo mguu wa Kapita Sumuni wa ukurasa ule wa mwisho, mzima, na kiatu chake. Bibi Mukankusi aliyesafisha maiti maisha yake yote aligeuza uso akafunika pua kwa mtandio.

Ndipo sauti ikatoka. Ilitoka kwenye kinywa cha Zulaikha, lakini ilikuwa sauti yenye majimaji, kama mtu anayesema huku anakula.

"Unanitesea nini?"

"Wewe nani?" Bibi akauliza kwa sauti ya chini.

"Mugeni."

"Nani alikuita?"

"Mwenye nyumba. Tulikula pamoja. Yeye kidogo, mimi kidogo. Sikuvunja mulango ya muntu."

"Ulichokaribishiwa kimekwisha. Damu ya yule bwana imeisha kwenye karatasi. Toka."

Kinywa kikacheka. Ulimi ukatoka, ukapita juu ya mdomo polepole, ukafika puani.

"Haijaisha. Kuko ingine. Iko natembea. Inavaa uniforme ya shule."

Bibi Mukankusi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamsomea masikioni mpaka jasho likamtiririka yeye mwenyewe, na hatimaye mwili wa Zulaikha ukalegea. Alipofumbua macho hakuuliza kilichotokea.

"Nilisikia yote," alinong'ona. "Nilikuwa mule ndani, Bibi. Na iliposema mutoto…" Alijishika koo. "Njaa nilisikia mimi."

Bibi aliiondoa mikono kichwani pake.

"Kuko jini inaingia kwa nguvu, hiyo nafukuza," Bibi akasema. "Hii iliketishwa na mwenye nyumba. Itanyamaza, lakini kutoka, itatoka tu ikifa njaa. Isipate tena hata tone ya damu ya Nsabimana. Na damu yake imebaki mahali pamoja."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ningejua ningekuambia."

Kilichobaki cha kitabu walikifanyia kama maiti. Ndiyo, kile kitabu safi, ambacho, ukitoa ukurasa wa mwisho, siku hiyo kilikuwa na bei kubwa kuliko ilivyopata kuwa tangu kichapwe! Zulaikha angeweza kukipeleka Kigali akarudi na nyumba ya matofali. Bibi alimuuliza mara moja tu, naye akajibu kwamba kizikwe. Wakamwagia ukurasa wa mwisho maji ya kafuri mahali palipokuwa na doa, wakakifunga kitabu chote katika kitambaa cheupe, wakaenda nacho makaburini, na wanaume wa msikiti wakamswalia Nsabimana, marehemu asiyekuwepo. Zulaikha alilia kilio cha siku ya msiba, kile alichokuwa amejinyima tangu mwanzo.

Mukabalisa alifika kumchukua Uwineza. Alikuja amejaa maneno ya ugomvi juu ya kitabu, ukumbusho wa kaka yake kufukiwa ardhini na bei yake yote, lakini Zulaikha alipofungua mdomo kumsalimia, yeye aliona ulimi, akasahau kitabu.

"Atakaa kwangu," akasema tu. "Atasoma Bugarama. Usiwaze."

Uwineza hakuelewa. Aliambiwa mama anaumwa, ugonjwa wa kuambukiza, lakini mtoto ana masikio; alidhani amefukuzwa kwa sababu alisema siri. Aliingia ndani ya pikapu iliyokuwa inarudi kwenye mashine ya mpunga ya Bugarama, akakaa pembeni mlangoni, shangazi yake katikati, hakutazama nyuma. Zulaikha alisimama ndani ya mlango, mikono ameificha mgongoni. Hakuwa amemshika binti yake tangu siku ya kioo. Alitaka gari liondoke upesi, na alitaka lisiondoke.

Dereva alipowasha injini, mlango wa pikapu ukafunguka ghafla na Uwineza akaruka chini akaja mbio, uso umechangamka kama vile hakuwahi kulia.

"Maman! Maman, angalia! Limetoka!"

Alisimama kizingitini akanyoosha kiganja. Palikuwa na jino, dogo, jeupe, lenye utando mwekundu shinani. Alicheka, na katika pengo jipya damu ilikuwa bado inajaa, ikamshukia mdomo wa chini, ikafika kidevuni.

"Nibusu basi, mbele ya kwenda."

Mate yakamjaa Zulaikha kinywani, mengi, ya moto. Akayameza, yakajaa tena. Alimtazama mwanawe, huyo mmoja aliyepewa na Mungu, mwenye macho ya Nsabimana, na kwa nguvu zote zilizokuwa bado zake akamsukuma kifuani kwa viganja viwili, mtoto akaanguka chali uani.

"Ondoka!" alipiga kelele kupitia meno yaliyofungwa. "Ondoka kwangu! Sikutaki!"

Akabamiza mlango, akatia komeo, akaegemea kwa mgongo wake wote. Alimsikia Uwineza akigonga na kuita, kisha Mukabalisa akimbeba, kisha gari. Mtoto alikuwa salama. Angemchukia mama yake maisha yake yote, lakini alikuwa salama, na Zulaikha alimshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha akaangalia chini. Kiganja cha mtoto kilipokuwa kimenyooshwa ndani ya mlango, tone moja la damu lilikuwa limedondoka kwenye sementi.

Pikapu ilipoanza kuteremka barabara ya Bugarama, sakafu ilikuwa safi.